Haraka na Ubora katika Utunzi wa Riwaya: Kutoka Imla ya Dostoevsky hadi Riwaya ya Upelelezi ya Kiswahili

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili limekuwapo, tangu miaka ya 1970, neno moja ambalo hutumiwa kama hukumu isiyohitaji ushahidi. Neno hilo ni harakaharaka. Riwaya ikionekana nyepesi, husemwa kuwa iliandikwa harakaharaka. Ikionekana nzito, hudhaniwa kuwa mwandishi wake aliitaabikia kwa miaka mingi. Riwaya pendwa zilizouzwa katika vibanda vya magazeti vya Dar es Salaam na Nairobi katika miaka ya 1970 na 1980 zilikaa muda mrefu nje ya mitaala ya vyuo kwa sababu kadhaa, na dhana hiyo ya haraka ni mojawapo. Mhadhara huu unakusudia kuichunguza dhana hiyo kihistoria. Hoja yake ni kwamba idadi ya siku zilizotumika kuandika rasimu haijawahi kuwa kipimo cha ubora wa riwaya. Kinachoamua ni kazi iliyoitangulia rasimu na kazi iliyoifuata. Na pale riwaya ya Kiswahili ilipoharibika, mara nyingi kilichokosekana ni hii kazi ya pili.

Jamii ya Waswahili yenyewe haikuidharau kasi katika utunzi. Ni kweli kwamba kila mtoto amefunzwa kuwa haraka haraka haina baraka, lakini mtoto huyohuyo amefunzwa pia kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika malumbano ya ushairi ya Mombasa ya karne ya 19, ambamo Muyaka bin Haji alijipatia sifa, shairi la kujibu lilipaswa kutoka hoja ingali moto. Ama msimulizi wa ngano, yeye hakuwa na rasimu kabisa. Edward Steere alipochapisha mwaka 1870 mkusanyiko wa hadithi za Unguja, alichokuwa amekinakili ni masimulizi yaliyotungwa upya kinywani kila yaliposimuliwa. Hadithi ya Sultani Darai, iliyomo katika mkusanyiko huo, ni ndefu, na msuko wake haulegei. Wala hakuna msomaji aliyelalamika kwamba msimulizi wake hakupewa muda wa kutosha. Muda ulikuwa umekwisha kutumika. Msimulizi alikuwa ameirithi mifupa ya hadithi, tabia za wahusika, viitikio, na mafungu ya maneno yaliyokwisha kusuguliwa na vizazi vya watangulizi wake. Kazi iliyobaki kwake usiku ule ilikuwa ni kuivika mifupa hiyo nyama, mbele ya wasikilizaji ambao wangemwonyesha papo hapo kwamba amepotea.

Swali gumu linamhusu mwandishi wa riwaya, ambaye hana urithi wa namna hiyo na wala hawaoni wasikilizaji wake. Ili kulijibu yafaa kutoka kwanza nje ya Afrika ya Mashariki, kwa sababu ya ushahidi tu: ni nadra kupata riwaya ambayo siku za kuandikwa kwake zinaweza kuhesabiwa. Riwaya ya Mrusi Fyodor Dostoevsky ihusuyo mchezakamari ni mojawapo ya hizo chache.

Mwaka 1864 Dostoevsky alifiwa na mkewe, kisha na kaka yake Mikhail, ambaye walikuwa wakiendesha jarida pamoja. Madeni ya jarida yakamwangukia. Katika kiangazi cha mwaka 1865 alitia sahihi mkataba na mchapishaji aitwaye Stellovsky, kwa rubo 3,000. Mkataba ulimpa Stellovsky haki ya kuchapisha kazi zote za mwandishi zilizokwisha kutoka, na ulimtaka mwandishi awasilishe riwaya mpya kabla ya tarehe 1 Novemba 1866. Iwapo angeshindwa, mchapishaji angepata haki ya kuchapisha chochote atakachoandika kwa miaka 9 bila ya kumlipa. Ilikuwa kamba shingoni, na aliyeifunga alijua anachokifanya.

Mwaka 1866 ulipita katika kazi nyingine. Riwaya ya Uhalifu na Adhabu ilikuwa ikitoka kwa sehemu katika jarida la Moscow, na ilimtaka nguvu zake zote. Ilipofika Oktoba, riwaya aliyodaiwa na Stellovsky ilikuwa haijaanza kuandikwa. Marafiki walimshauri wagawane sura, kila mmoja aandike yake, kisha yeye azitie jina lake. Alikataa, hakutaka kutia jina lake katika kazi ya mtu mwingine. Ndipo aliposhauriwa kumtafuta mwandishi wa hatimkato, fani iliyokuwa ngeni Urusi wakati huo. Tarehe 4 Oktoba akaja Anna Grigoryevna Snitkina, binti wa miaka 20 aliyekuwa mwanafunzi wa fani hiyo. Siku 26 baadaye riwaya ilikuwa imekamilika. Tarehe 1 Novemba ilipopelekwa kwa Stellovsky, mchapishaji hakupatikana mjini, na mswada ukakabidhiwa katika kituo cha polisi ili kupata stakabadhi yenye tarehe. Februari iliyofuata, mwandishi na karani wake wakaoana.

Kisa hiki hupendwa sana, na kwa kawaida husimuliwa kama muujiza wa kipaji kilichobanwa ukutani. Kwa mwanafunzi wa utunzi, yenye faida zaidi ni mambo madogo ambayo msimulizi wa kisa huyaruka. La kwanza ni barua. Mnamo Septemba 1863, akiwa Roma, Dostoevsky alimwandikia mhakiki Nikolai Strakhov akimweleza wazo la hadithi ya kijana Mrusi aliye ughaibuni, ambaye nguvu zake zote za maisha zimemezwa na meza ya kamari. Hilo ndilo wazo lililoandikwa mwaka 1866. Hadithi hiyo alikuwa amekaa nayo kichwani kwa miaka mitatu. Zaidi ya hayo, kamari yenyewe alikuwa ameicheza katika miji ya Ujerumani na kupoteza fedha, kwa hiyo hakuwa na utafiti wa kufanya. Siku 26 ni siku za kuandika, na kuandika huko kulikuwa kumeanza zamani bila ya kalamu.

La pili ni ratiba. Usiku Dostoevsky alitayarisha maandishi yake. Kuanzia saa sita mchana hadi kiasi cha saa kumi alimsomea Anna kwa imla, kwa vipindi vyenye mapumziko. Anna akarudi kwao na kuyageuza maandishi ya hatimkato kuwa maandishi ya kawaida. Kesho yake mwandishi akayapitia na kuyasahihisha. Kila ukurasa, basi, ulipita mara tatu: mezani usiku, kinywani mchana, na chini ya kalamu ya masahihisho siku ya pili. Kuna waandishi waliotumia miaka 3 katika riwaya moja ambao kurasa zao hazikupata bahati hiyo. Tena mara ya pili palikuwa na sikio la mtu mwingine chumbani. Mtu asomapo kwa sauti mbele ya msikilizaji, sentensi iliyopinda humkwaza ulimi.

La tatu ni umbo. Riwaya hiyo husimuliwa na mchezakamari mwenyewe, katika nafsi ya kwanza, kama kumbukumbu anazoziandika kwa kupitiwa na mihemko. Mahali pamoja husema kwamba karibu mwezi mzima umepita tangu alipozigusa mara ya mwisho. Umbo la namna hiyo hulisamehe pengo. Msimulizi ni mtu asiyetulia, kwa hiyo kutotulia kwa usimulizi ni sehemu ya tabia yake. Riwaya ya Uhalifu na Adhabu, ambayo nayo ilianzwa katika nafsi ya kwanza, ilimlazimu mwandishi kuichoma rasimu yake mwishoni mwa mwaka 1865 na kuanza upya. Mwandishi ni mmoja, miaka ni ileile. Vitabu viwili vilidai vipimo viwili vya muda. Uadilifu unadai kukiri pia kwamba vitabu hivyo havilingani. Wahusika wa pembeni katika riwaya ya kamari ni michoro ya mistari michache, na hapo siku 26 zinaonekana. Lakini kitabu kinasimama, na kimesimama kwa zaidi ya karne moja na nusu.

Mfano wa pili ni wa mtu asiyekuwa na kamba shingoni. Mwingereza Anthony Trollope alikuwa mtumishi wa Idara ya Posta, na aliandika riwaya 47. Katika tawasifu yake, iliyochapishwa mwaka 1883 baada ya kifo chake, alieleza kwamba alikaa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa ya mfukoni ikiwa mbele yake, akijitaka maneno 250 kwa kila robo saa. Ungamo hilo liliidhuru sifa yake kwa muda mrefu, kwa kuwa wasomaji hawakupenda kujua kwamba sanaa ilipimwa kama mzigo wa barua. Kwa bahati mbaya walilisahau jambo aliloliandika papo hapo: nusu saa ya kwanza ya kila asubuhi aliitumia kusoma kazi ya jana yake, akiusikiliza mlio wa maneno. Trollope aliandika kwa kasi kwa sababu hakuna asubuhi aliyoanza akiwa hajui alikoishia.

Tukiirudia riwaya ya Kiswahili tukiwa na mambo haya, miaka ya uchapishaji ndiyo shahidi wa kwanza. Ni shahidi wa kuhojiwa kwa tahadhari, kwani mwaka wa kuchapishwa si mwaka wa kuandikwa: Kufikirika cha Shaaban Robert kiliandikwa mwaka 1946, kikachapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya mtunzi kufariki. Hata hivyo, miaka hiyo inatosha kuivunja dhana kwamba waandishi wa riwaya pendwa ndio wenye haraka na waandishi wa riwaya nzito ndio wenye subira. A. E. Musiba, baba wa mpelelezi Willy Gamba, alitoa Kufa na Kupona mwaka 1974, Kikosi cha Kisasi mwaka 1979, Njama mwaka 1981 na Hofu mwaka 1988. Ni vitabu vinne katika miaka 14. Euphrase Kezilahabi, ambaye hakuna aliyemtuhumu kwa wepesi, alitoa Kichwamaji mwaka 1974 na Dunia Uwanja wa Fujo mwaka 1975. Kasri ya Mwinyi Fuad cha Adam Shafi kilitoka mwaka 1978 na Kuli kikakifuata mwaka 1979, kisha ikapita miongo miwili kabla ya Vuta N'kuvute kutoka mwaka 1999. Said Ahmed Mohamed alitoa Utengano na Dunia Mti Mkavu katika mwaka mmoja, 1980. Lau haraka ingekuwa kipimo, baadhi ya vitabu vinavyofundishwa kwa heshima kubwa vingepaswa kukaa kwenye rafu ya vibanda vya magazeti, na Willy Gamba akaingia darasani.

Mwandishi ambaye kazi yake inaonyesha zaidi kazi ya kabla ya rasimu ni Muhammed Said Abdulla. Alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Baada ya masomo alifanya kazi katika idara ya afya, na kuanzia mwaka 1948 akawa mhariri wa magazeti. Tangu mwaka 1958 hadi alipostaafu mwaka 1968 alihariri jarida la Mkulima. Mzimu wa Watu wa Kale ulipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957/58 yaliyoendeshwa na Shirika la Vitabu la Afrika ya Mashariki, ukachapishwa mwaka 1960. Kisima cha Giningi kikatoka mwaka 1968. Kisha, mhariri akiwa amestaafu, vikaja vitabu vinne katika miaka minne: Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976).

Mtiririko huo si vigumu kuueleza. Bwana Msa na kiko chake, na Najum rafiki yake, walikwisha kuundwa mwaka 1960. Hawakuhitaji kubuniwa tena. Unguja ya mitaa, mashamba na tetesi za nasaba aliijua kwa kuzaliwa humo. Umbo la riwaya ya upelelezi, alilolichukua kutoka kwa Conan Doyle na kulivisha kanzu, humlazimisha mtunzi kuujua mwisho kabla ya mwanzo, kwani dalili haziwezi kutawanywa na mtu asiyejua zinakoelekea. Mtunzi wa namna hiyo hapotezi wiki nzima akitafuta njia. Aidha, miaka 20 ya uhariri ni miaka 20 ya kukutana na sentensi mbovu za watu na kuzinyoosha kabla ya siku ya uchapaji. Mkono uliozoea kazi hiyo huzinyoosha na zake wenyewe zikiwa bado zinatoka. Ndiyo maana Kiswahili cha Abdulla, pamoja na wingi wa vitabu vya miaka ile, hakikulegea.

Hapo ndipo mwanaisimu anapokuwa na la kusema ambalo mhakiki wa maudhui hulipita. Haraka isiyosahihishwa huacha alama katika lugha, na katika Kiswahili alama yake kubwa ni kiambishi -ka-. Kiambishi hiki ni hazina ya msimulizi: kikishatanguliwa na -li- au na "palikuwa", kitendo hufuata kitendo bila ya kiunganishi, na hadithi hukimbia. Lakini -ka- huonyesha ufuatano tu. Hakisemi kwamba jambo moja limesababisha jingine, wala kwamba mawili yalitukia pamoja, wala kwamba moja ni kubwa na jingine ni dogo. Chukua mfano uliotungwa kwa ajili ya mhadhara huu: "Akafungua mlango, akamwona mtu, akaogopa, akakimbia." Sarufi haina kosa. Kasoro ni kwamba vitendo vinne vimesimama foleni vikiwa na urefu mmoja. Mwandishi aliyerudi siku ya pili angeweza kupata: "Alipofungua mlango na kumwona mtu yule, miguu ilikimbia kabla yeye mwenyewe hajajua anaogopa nini." Sasa kuna -po- ya wakati, kuna kitendo kikuu kimoja, na kuna mtu anayeogopa.

Haifai kuligeuza hili kuwa sheria. Katika ugomvi, au katika mbio za gari zinazopendwa na riwaya za upelelezi, mnyororo wa -ka- ndio unaostahili, na mwandishi anayeuvunja kwa virejeshi vizito huua taharuki yake mwenyewe. Shaka huanza pale mnyororo huohuo unaposimulia mazishi, posa na tafakuri. Vivyo hivyo mafungu kama "kufumba na kufumbua" na "ghafla bin vuu". Kwa msimulizi wa ngano mafungu hayo humpa pumzi yeye na humwashiria msikilizaji. Msomaji wa kitabu anaweza kurudi nyuma kurasa kumi, na akikuta "ghafla bin vuu" ya tatu katika sura moja hujua kwamba mwandishi alikuwa amechoka.

Alama hizi zote huondolewa na kitu kimoja, nacho ni usomaji wa pili. Katika miongo ya mwanzo ya riwaya ya Kiswahili, usomaji huo ulikuwa na makao. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikagua lugha ya vitabu, wakati mwingine kwa ukali uliozidi mpaka ukafuta ladha ya lahaja. Shirika la Vitabu la Afrika ya Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1948, lilipokea miswada, likaihariri na kuichapisha. Mzimu wa Watu wa Kale ulipitia mlango huo, na Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla (1965) vilevile. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilivunjika, na shirika hilo nalo likasambaratika. Vita vya Kagera na upungufu wa fedha za kigeni vikafuata, na karatasi ikawa adimu Tanzania. Wasomaji hawakupungua. Waandishi wengi wa riwaya pendwa wakageuka wachapishaji wa vitabu vyao: mtu huyohuyo aliandika, akasahihisha, akatafuta karatasi, akabeba vitabu hadi vibandani. Kati ya kazi hizo nne, ile ambayo ingeweza kurukwa bila ya mnunuzi kugundua mara moja ilikuwa ya kusahihisha.

Ben Mtobwa, aliyefariki mwaka 2008, ni mfano wa mtu aliyezikusanya kazi hizo zote mkononi mwake, akiwa mwandishi, mhariri na mwenye kampuni ya Heko. Visa vyake vya mpelelezi Joram Kiango haviko katika daraja moja, na wahakiki waliovitaja udhaifu wake hawakukosea. Lakini Dar es Salaam Usiku si kitabu cha mtu asiyejua kuandika. Jiji limeonwa kwa jicho kali, na mazungumzo ya wahusika wake yana uhai ambao riwaya kadhaa za darasani zingeutamani. Anayezisoma kazi zake pamoja huona mtu mwenye uwezo uleule, akiwa amerudi kwenye kurasa zake mahali pamoja na hakurudi mahali pengine. Kumhukumu kwa neno la harakaharaka ni kumpa mwandishi lawama ambayo sehemu yake kubwa ni ya soko lisilokuwa na wahariri.

Soko hilo baadaye lilipata umbo jingine katika magazeti ya wiki. Eric Shigongo aliwavuta wasomaji wengi kwa hadithi zilizotoka kwa sehemu katika magazeti ya kampuni yake ya Global Publishers, kabla ya kuwa vitabu. Hadithi ya mfululizo ina sheria yake kali kuliko ya Stellovsky. Sehemu iliyokwisha kuuzwa haiwezi kurudishwa mezani. Mhusika aliyezikwa katika sehemu ya tatu akihitajiwa katika sehemu ya kumi, mwandishi hana njia ila kueleza kwamba aliyezikwa alikuwa mtu mwingine. Na yuko msomaji, mahali fulani Mbagala au Manzese, ambaye huyakata magazeti ya wiki zote na kuyaweka chini ya godoro, na anakumbuka vizuri kwamba maiti ile iliogeshwa na ndugu zake.